Somo la 12: Gazeti na Mji Ulioungua

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Unaweza kulisoma gazeti mwenyewe bila kusomewa na mtu. Lakini je, kila lililoandikwa gazetini ni kweli? Tujifunze kwa habari ya mji wa Guernica.

Guernica ni mji mdogo wa kaskazini mwa Hispania. Mwaka 1937 nchi hiyo ilikuwa katika vita ya wenyewe kwa wenyewe. Jenerali Franco alikuwa akipigana na serikali. Ujerumani na Italia zilimsaidia kwa ndege.

Tarehe 26 Aprili, 1937, ilikuwa Jumatatu, siku ya gulio. Alasiri ndege zilikuja. Zilitupa mabomu ya kubomoa nyumba na mabomu ya moto. Watu waliokimbilia mashambani walifuatwa, wakapigwa risasi za rashasha kutoka angani. Mji ukaungua.

Upande wa Franco ulikana. Ulisema kwamba wapinzani wake ndio waliouchoma mji huo. Magazeti yaliyomwunga mkono yaliandika hivyo.

Mwandishi mmoja, George Steer, alifika Guernica usiku ule ule, moto ukiwa bado unawaka. Aliwauliza watu walionusurika. Aliona maganda ya mabomu yenye alama za Ujerumani. Habari yake ilitoka tarehe 28 Aprili katika gazeti la The Times la London.

Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Lakini uongo huu ulitembea miaka mingi. Mwaka 1997, Rais wa Ujerumani, Roman Herzog, aliwaandikia walionusurika. Alikiri kwamba marubani wa Kijerumani walihusika. Miaka 60 ilikuwa imepita.

Basi, usomapo habari ya vita, jiulize: Nani anasema? Je, alifika mahali hapo? Aliona nini? Nani atafaidika tukiamini? Hata kijijini, mtu akisema ghala limevunjwa, utamwuliza, "Umeliona?" Gazeti nalo liulizwe hivyo hivyo. Kusoma ni kupima.

Maneno mapya
Rashasha: bunduki itoayo risasi nyingi mfululizo.
Kukana: kukataa kwamba umetenda jambo.
Kunusurika: kuponea chupuchupu.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini watu wengi walikuwa mjini siku ile?
2. Steer alifanya nini kabla ya kuandika?
3. Taja habari uliyoisikia wiki hii. Utajuaje kwamba ni ya kweli?