Ramani ya Mafuriko: Itumie Kabla ya Mvua

Mfugaji wa bonde la Mto Tana, mafuriko yanaweza kufika bomani kwako hata kama mvua haijanyesha Garissa. Maji mengi ya Tana hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Mabwawa kama Masinga na Kiambere yakifurika, maji hayo hukufikia. Kwa hiyo kutazama mawingu ya hapa pekee hakutoshi.

Ramani hutengenezwaje?

Setilaiti huzunguka dunia ikipiga picha za ardhi. Zile zenye rada huona usiku na hata kukiwa na mawingu mazito. Picha ya kiangazi hulinganishwa na picha ya wakati wa mafuriko, kwa mfano yale ya 2018, ili kujua maji yalifika wapi. Kisha kompyuta huunganisha picha hizo na mwinuko wa ardhi, mito, barabara na vijiji. Kazi hii huitwa mfumo wa taarifa za kijiografia. Ramani inayopatikana huonyesha kwa rangi mahali penye hatari kubwa na mahali penye hatari ndogo.

Ramani ina upungufu. Setilaiti haipiti kila saa, na laga hujaa na kukauka upesi. Maji yaliyo chini ya miti minene pia huweza kutoonekana. Hapo ndipo wazee wanaojua alama za mafuriko ya zamani wanapohitajika.

Hatari nyingine: Homa ya Bonde la Ufa

Mayai ya mbu wanaoeneza ugonjwa huu hukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka, na huanguliwa maji yakituama. Ugonjwa ulilipuka baada ya mvua kubwa za 1997 na 2006, ukaua mifugo na watu. Dalili yake kubwa ni mimba nyingi kutoka kwa wakati mmoja, na vifo vya ndama, wana-kondoo na wana-mbuzi.

Fanya hivi:

1. Mwombe afisa mifugo awaonyeshe ramani barazani. Tafuteni boma lenu kwa kufuata laga, kisima au shule.
2. Wazee waongeze sehemu ambazo ramani imeziacha.
3. Chagueni mapema mahali pa juu pa kuhamia, na njia isiyokatwa na laga.
4. Chanjeni kabla ya mvua. Ugonjwa ukishaingia, sindano moja inayopita mnyama hadi mnyama inaweza kuueneza. Mwambie afisa ni wanyama gani wenye mimba, kwa kuwa baadhi ya chanjo huharibu mimba.
5. Usiguse kijusi kwa mikono mitupu. Usichinje mnyama mgonjwa. Chemsha maziwa. Toa taarifa siku hiyo hiyo.

Tangazo la mabwawa kufurika likitolewa, hamisheni kwanza watoto, wazee na mifugo michanga. Msingoje kuyaona maji.