Zege la koleo, la mashine na la lori: lipi la kuaminiwa?

Swali: Je, zege la mashine lina nguvu kuliko la koleo?

Jibu: Vipimo vikiwa vilevile na kazi ikafanywa kwa uangalifu, mafundi wa koleo wanaweza kutoa zege zuri. Tatizo ni kulirudia. Mashine ikizunguka kama dakika mbili baada ya vyote kuingia, saruji hulivika kila kokoto, na mchanganyo wa kumi hufanana na wa kwanza. Mikono huchoka, na zege la alasiri huwa na mabaka ya mchanga mtupu ambayo la asubuhi halikuwa nayo. Nguzo ya ghorofa hupasuka penye udhaifu, hata kama kwingineko ni imara. Kwa sababu hiyo wahandisi wengi huongeza saruji kwa asilimia 10 hivi zege linapochanganywa kwa mkono. Nyongeza hiyo inasaidia, ila haiwezi kuyaondoa mabaka.

Swali: Mbona nyumba nyingi za koleo zimesimama miaka na miaka?

Jibu: Zimesimama, na kwa jamvi la nyumba ya chini sioni sababu ya kulikataa koleo, mradi saruji na mchanga vigeuzwe vikavu juu ya sakafu ngumu hadi viwe rangi moja. Lakini mzigo wa nyumba hizo ni mdogo; hazituambii lolote kuhusu nguzo za ghorofa nne. Isitoshe, kuna jambo linaloharibu zege zaidi ya koleo, nalo ni maji. Mwaka 1918 Mmarekani Duff Abrams alionyesha kwamba nguvu ya zege hufuata uwiano wa maji na saruji. Mfuko wa kilo 50 ukipewa lita 25 uwiano ni 0.5. Ongeza lita tano tu ili zege lilainike, na karibu sehemu moja ya tano ya nguvu imepotea, kwa kuwa maji ya ziada hukauka na kuacha vitundu. Mashine haizuii kosa hilo, hulisambaza sawasawa.

Swali: Basi nikiagiza zege la lori nimemaliza?

Jibu: Kiwandani vitu hupimwa kwa uzito, na hilo ndilo linaloliweka zege la lori juu ya mengine. Karai haliwezi kushindana na mizani, hasa mchanga ukiwa mbichi, maana huvimba na kuja na maji yake. Hata hivyo saruji huanza kushika njiani. Kwa kawaida zege humwagwa ndani ya dakika 90 hivi, muda unaoweza kuishia kwenye foleni za Dar es Salaam au Nairobi. Lori likichelewa, wapo wanaolifungulia mpira wa maji, na faida yote ya mizani huishia hapo. Mwenye jengo, dai kipimo cha mteremko, yaani zege hushuka kiasi gani koni ya milimita 300 ikiinuliwa, kabla zege halijamwagwa, na vipande vya kupimwa nguvu siku ya 28. Likishindwa koni, lirudishe.