Tumbo Lisilopatana na Maziwa

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Nataka kuwaeleza juu ya tumbo langu, ingawa najua wako watakaocheka. Muhula uliopita darasa letu lilifanya safari ya siku moja kutoka Musoma kwenda Butiama, kisha Bunda, hata lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Asubuhi tuliingia katika hoteli moja karibu na stendi, na kila mtu akaletewa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa na maandazi mawili. Nilijua vema kwamba maziwa hunidhuru, lakini niliona haya kuomba chai ya rangi. Katika mkoa huu wa wafugaji, kijana akikataa maziwa huulizwa kwao ni wapi. Basi nikanywa yote, tena kabla sijatia kitu kingine tumboni.

Tulipokata kona pale Makutano tumbo lilianza kunguruma. Butiama wenzangu waliingia katika makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, wakaenda na kaburini kwake. Mimi niliuliza choo kiko wapi, na huko ndiko nilikozuru.

Mwalimu wetu wa Bayolojia hakunicheka, bali alinieleza sababu. Maziwa yana sukari yake iitwayo laktosi. Ili mwili uitumie, sharti ikatwe vipande viwili katika utumbo mdogo, na kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho laktesi. Mtoto mchanga huwa nacho tele, lakini kwa watu wengi duniani hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Hapo laktosi hupita nzima hadi utumbo mpana, huvuta maji, na bakteria waliomo huichachua na kutoa hewa. Ndiyo maana ya mngurumo, tumbo kujaa, na kuharisha. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si uchawi, kama alivyonong'ona mwenzangu mmoja ndani ya basi.

Mbona basi wengine hunywa kibuyu kizima wasidhurike? Mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff walitangaza uchunguzi wao juu ya watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua kwamba wafugaji wengi wa huku wamerithi badiliko dogo linalokifanya kimeng'enya hicho kiendelee kutengenezwa hata ukubwani, na kwamba badiliko hilo ni la maelfu ya miaka. Wengine tumelirithi, wengine hatukulirithi, hata kama babu zetu walichunga ng'ombe.

Tulipofika Bunda saa ya chakula nilijitia moyo, nikamwendea mama mwenye hoteli, nikamwambia, "Shikamoo mama. Maziwa hunisumbua tumbo. Je, kipo chakula kisichotiwa maziwa?"

"Marahaba, mwanangu. Mbona ni vingi! Ugali, dagaa, mchicha. Chai nitakupa ya tangawizi."

Kumbe jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo! Tena dagaa hao huliwa pamoja na mifupa yao, nayo ina kalisi ile ile tuitafutayo katika maziwa. Wali wa nazi pia haudhuru, maana tui ni jeupe tu kama maziwa lakini halina laktosi. Mtindi nao wengi wetu twauweza, kwa kuwa bakteria wanaougandisha wamekwisha kula sehemu ya ile sukari. Na maziwa kidogo pamoja na chakula huvumilika kuliko kikombe kizima asubuhi. Lakini mtu anayeona damu chooni, au homa, au anayekonda, asisingizie maziwa. Aende kwa daktari.

Ndabaka nilifika mzima, nikawaona nyumbu na nyani kama wenzangu. Jioni, tuliporudi Makutano, nilitazama njia ya Butiama dirishani. Basi halikukata kona. Makumbusho yale bado sijayaona.