Hofu ya Kuanguka kwa Wazee
Mzee aliyewahi kuanguka huogopa kutembea. Huketi siku nzima, misuli ya miguu hulegea, na hapo ndipo huanguka kwa urahisi zaidi. Wanaomwambia “Tulia, bibi, usije ukaanguka” wanampenda, ila wanamdhoofisha. Kwetu Mpepai, asiyethubutu kushuka mteremko hafiki kwenye ngoro zake wala kanisani.

Dawa ni zoezi lenyewe analoliogopa. Ashike kiti kizito kisichoyumba, ainue mguu mmoja, ahesabu hadi 10 huku akipumua polepole, kisha abadilishe. Katika yoga ya Wahindi mkao unaofanana na huu huitwa mti. Mguu utatetemeka, asishtuke, mradi mtu yupo karibu. Akizoea, ashike kwa kidole kimoja tu. Mwenye kizunguzungu apimwe kwanza zahanati.