Kifungo kikiisha, rekodi iishe lini?

Kwani aliyemaliza kifungo amezuiwa kutafuta kazi?

Kutafuta anaruhusiwa, kuitwa ndiko kugumu. Mwanasosholojia Devah Pager aliwatuma vijana wenye sifa zinazolingana kuomba kazi za kawaida mjini Milwaukee, Marekani, baadhi wakijitambulisha kuwa wametoka gerezani. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2003, Wazungu wasio na rekodi waliitwa kwa asilimia 34 ya maombi yao, wenye rekodi asilimia 17. Kwa Weusi zilikuwa 14 na 5. Yaani Mweusi asiye na kosa lolote alikuwa na nafasi ndogo kuliko Mzungu aliyesema amefungwa.

Je, haitoshi kuondoa swali la rekodi ya jinai kwenye fomu ya maombi?

Hawaii ilifanya hivyo mwaka 1998, na majimbo mengi yakafuata. Nia ni njema, ila swali linaahirishwa tu. Watafiti Amanda Agan na Sonja Starr walituma maombi ya kubuni yapatayo 15,000 New Jersey na jijini New York, kabla na baada ya sheria ya kuondoa swali hilo. Kwa waajiri waliokuwa wakiuliza swali hilo, Wazungu walikuwa wakiitwa zaidi ya Weusi kwa asilimia 7. Swali lilipoondolewa, pengo likafika asilimia 43. Mwajiri aliyenyimwa taarifa alikisia, na makisio yake yakamwangukia asiye na hatia. Kwa hiyo nashikilia kwamba rekodi yenyewe ndiyo ifungwe, waajiri wasiione, muda ukipita. Katika jimbo la Michigan, waliofungiwa rekodi walipata mishahara mikubwa zaidi kwa zaidi ya asilimia 20 ndani ya mwaka mmoja. Inasikitisha kwamba kati ya waliostahili, ni asilimia 6.5 tu waliofaidika ndani ya miaka 5, kwa kuwa ilibidi kila mmoja awasilishe maombi mahakamani. Pennsylvania iliondoa kikwazo hicho kwa sheria ya mwaka 2018: iliagiza kompyuta zifunge rekodi za makosa madogo baada ya miaka 10 bila hatia mpya, pasipo mtu kuomba.

Mwajiri hana haki ya kujua anamwajiri nani?

Anayo, hasa kosa linapogusa kazi yenyewe, kama aliyedhuru watoto kuomba ualimu. Lakini utafiti wa Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura ulionyesha kuwa hatari ya kurudia kosa hupungua mwaka hadi mwaka, mpaka ikalingana na ya watu wa kawaida. Taarifa ya zamani mno humpotosha mwajiri. Na kwa aliyetoka gerezani jana, ambaye rekodi yake bado i wazi, serikali ya Marekani humpa mwajiri bima ya bure ya dola 5,000 dhidi ya wizi kwa miezi 6 ya mwanzo. Hofu halali ya mwajiri hujibiwa hivyo, kwa fedha.