Wiki Mbili za Mwanzo: Kukabiliana na Arosto Wakati wa Matibabu ya Methadoni

Wakaazi wengi wa Kaunti ya Kakamega wakisikia heroini hudhani ni jambo la Mombasa, Malindi au Lamu. Lakini boma nyingi za Mumias, Malava, Butere na Lugari zina watoto wanaofanya kazi Pwani na Nairobi, na baadhi yao hurudi nyumbani wakiwa katikati ya matibabu. Kuna wengine ambao hawajawahi kuiona heroini kwa macho, ila wamenaswa na tramadoli, dawa ya kikohozi yenye kodeini au sindano za pethidini. Dawa hizi zote ni za ukoo mmoja unaoitwa opioidi, na uraibu wake hutibiwa kwa njia inayofanana.

Somo hili linaeleza kinachompata mgonjwa anapoanza dawa ya kutibu uraibu huo, kwa nini maumivu hurudi hata baada ya kuanza dawa, na jinsi familia inavyoweza kumsaidia avuke salama.

Arosto ni nini?

Mtu anayetumia opioidi kila siku mwili wake huzoea kuishi nazo. Dawa ikikatika ghafla, mwili hulalamika. Hali hiyo mitaani huitwa arosto. Kwa aliyekuwa akitumia heroini, arosto huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya mara ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na hudumu kati ya siku 4 na 10.

Dalili zake ni miayo isiyoisha, machozi na kamasi, jasho, joto na baridi kwa zamu, vinyweleo kusimama, tumbo kukata, kutapika, kuhara, maumivu ya misuli na mifupa, wasiwasi na kukosa usingizi. Kwa mtu mzima mwenye afya ya kawaida, arosto ya opioidi peke yake ni mara chache iue, ingawa kutapika na kuhara bila kurudisha maji mwilini kunaweza kuwa hatari. Hatari kubwa zaidi ni kwamba mateso hayo humrudisha mtu kwenye heroini, na mwili uliopumzika kwa siku kadhaa hauwezi tena kustahimili kipimo cha zamani.

Dawa inavyofanya kazi

Methadoni ni dawa ya opioidi inayokaa mwilini muda mrefu. Mgonjwa huinywa mara moja kwa siku, ikiwa ya majimaji, mbele ya mhudumu wa kliniki. Hushika nafasi ile ile ambayo heroini ilikuwa ikishika kwenye ubongo, lakini polepole na kwa utulivu, bila kupanda na kuanguka mara kadhaa kwa siku. Mgonjwa aliyefikia dozi yake huweza kulima, kuendesha biashara na kulea watoto.

Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni pamoja na buprenofini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Katika kanda hii, Tanzania ilianza kuitoa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011. Kenya ilianza Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata huduma ikafika Pwani. Kwa upande wa Magharibi na Nyanza, kuna kliniki ya methadoni jijini Kisumu katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga.

Wapo wanaosema kwamba kunywa methadoni ni kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine. Mwili kuihitaji dawa ni jambo moja. Maisha kuvurugwa na dawa ni jambo jingine. Mgonjwa wa kisukari huhitaji insulini kila siku na hakuna anayemwita mraibu.

Kwa nini arosto hurudi hata baada ya kuanza dawa?

Hili ndilo swali linalowakatisha wengi tamaa. Mgonjwa hunywa dawa asubuhi, mchana anajisikia vizuri, na usiku wa manane miayo na jasho vinaanza upya. Husema, "Dawa hii hainifai," kisha anatafuta heroini ya kuongezea.

Sababu ni kwamba daktari huanza na dozi ndogo, kwa kawaida isiyozidi miligramu 30 siku ya kwanza, halafu huipandisha hatua kwa hatua. Hafanyi hivyo kwa ubahili. Methadoni hujilimbikiza mwilini, na hesabu ndogo inaonyesha jinsi gani.

Tuseme mgonjwa anapewa miligramu 20 kila siku, na baada ya saa 24 nusu ya iliyomo mwilini bado imebaki. Siku ya kwanza baada ya kunywa ana 20. Siku ya pili ana 10 zilizobaki na 20 mpya, jumla 30. Siku ya tatu ana 15 na 20, jumla 35. Siku ya nne anafika 37 na nusu, na siku ya tano karibu 39. Kikombe ni kile kile, lakini kiasi kilichomo mwilini kimekaribia kuwa maradufu.

Hesabu hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni la matumaini: dozi isiyotosha siku ya kwanza huenda ikakaribia kutosha siku ya tano, hata kabla haijaongezwa. La pili ni onyo: anayeongeza heroini, pombe au vidonge vya usingizi siku ya tatu au ya nne anaviongeza juu ya dawa inayopanda kimyakimya. Ndiyo maana wiki mbili za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya mtu kuzidiwa na dawa.

Saa ya dalili ina maana

Methadoni hufika kileleni kati ya saa 2 na 4 baada ya kunywa. Mgonjwa akifuatilia saa, atamsaidia sana daktari. Arosto inayokuja mwishoni mwa siku, karibu na dozi inayofuata, ni ya kawaida katika wiki ya kwanza na huenda ikaonyesha kuwa dozi inahitaji kupanda. Lakini mgonjwa anayesinzia sana saa 3 baada ya kunywa huenda dozi yake imezidi, hata kama usiku anahisi vibaya. Dozi ya kesho isitolewe kabla mhudumu hajaelezwa hali hiyo.

Daftari la shilingi chache linatosha. Mgonjwa aandike saa aliyokunywa dawa, saa dalili zilipoanza, na kama alilala. Wagonjwa wengi hutulia kwenye dozi ya kati ya miligramu 60 na 120, na kufika huko huchukua wiki kadhaa.

Kupunguza makali nyumbani

Mambo haya hayachukui nafasi ya dawa, lakini hufanya siku ivumilike:

- Maji. Anayetoka jasho, kutapika au kuhara anywe lita 2 hadi 3 kwa siku, kidogo kidogo. Pakiti ya chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji hukorogwa kama ilivyoandikwa juu yake.
- Chakula chepesi. Uji wa wimbi, ndizi, viazi na supu hukaa tumboni kuliko chakula cha mafuta. Ni heri kula kidogo mara tano kuliko kujilazimisha sahani moja kubwa.
- Maumivu. Parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, maji ya moto kwenye misuli, na matembezi mafupi jua likiwa bado halijawa kali.
- Usingizi. Chai ya majani na kahawa ziachwe kuanzia alasiri. Vidonge vya usingizi visinunuliwe dukani. Vikichanganywa na methadoni vinaweza kuzima pumzi.
- Hamu. Hamu ya kutumia hupanda kama wimbi, kisha hushuka. Inapopanda, mgonjwa aondoke mahali alipo, ampigie simu mtu anayemwamini, ashike kazi ya mikono. Asikae peke yake na pesa mfukoni.

Methadoni nayo ina kero zake: kufunga choo, jasho na mdomo kukauka. Maji, mboga na matunda husaidia choo. Kikiendelea kufunga, kliniki ielezwe.

Anayeanzishiwa buprenofini badala ya methadoni ana sharti moja la ziada: asipewe dozi ya kwanza kabla dalili za arosto hazijaonekana wazi. Akiwahi, dawa huisukuma heroini itoke kwenye nafasi yake kwa ghafla, na arosto kali humshika papo hapo.

Dawa nyingine zinazoweza kuamsha arosto

Mgonjwa aliyekuwa ametulia kwa miezi anaweza kuanza arosto ghafla bila kukosa hata dozi moja. Mara nyingi kuna dawa mpya. Rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi na nevirapini za kudhibiti virusi vya Ukimwi, pamoja na karbamazepini na fenitoini za kifafa, huharakisha methadoni kuondoka mwilini. Dawa ya TB au ya Ukimwi isiachwe kwa sababu hiyo. Kinachohitajika ni kliniki zote mbili kujua, ili dozi ya methadoni irekebishwe.

Safari, matanga na sikukuu

Hapa ndipo Kakamega inapoguswa zaidi. Tuchukue mfano wa kijana aliye katika matibabu Mombasa. Babake anafariki, na matanga yanafanyika Khwisero kwa siku sita. Akipanda basi bila mpango, atafika nyumbani na arosto itamkuta kati ya waombolezaji. Wazee watasema amelewa, vijana watamwonyesha anakouza fulani. Akirudi Mombasa baada ya siku sita na kunywa dozi yake kamili ya zamani, anaweza kufa, kwa sababu mwili umepoteza uzoefu.

Njia salama ni hii. Kabla ya kusafiri aende kliniki yake, hata kama msiba ni wa ghafla, aeleze anakokwenda na kwa siku ngapi. Kliniki inaweza kuwasiliana na kliniki nyingine iliyo karibu na anakokwenda ili ahudumiwe huko. Kutoka mjini Kakamega hadi Kisumu ni takriban kilomita 50, safari ya asubuhi kwa matatu. Nauli hiyo familia iihesabu kama gharama ya matanga, sawa na hema na viti.

Aliyekosa dozi siku tatu mfululizo au zaidi asinywe dozi ya zamani kabla ya kupimwa upya. Asifiche siku alizokosa.

Mama mjamzito naye asiache methadoni ghafla, kwa maana arosto inaweza kuhatarisha mimba. Mtoto akizaliwa na dalili za arosto hutibiwa hospitalini, na kwa kawaida mama aliyetulia kwenye matibabu huruhusiwa kunyonyesha.

Dalili za hatari

Familia ijue tofauti kati ya arosto na kuzidiwa na dawa. Mwenye arosto hatulii, hageuki upande akalala, na mboni za macho yake hupanuka. Aliyezidiwa haamki hata akitikiswa, hukoroma kwa namna isiyo ya kawaida, hupumua polepole mno, midomo hugeuka rangi, na mboni huwa ndogo kama ncha ya sindano.

Huyo wa pili asiachwe alale. Apelekwe hospitali mara moja, akiwa amelazwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Kuna dawa inayoitwa naloksoni inayorudisha pumzi, lakini nguvu yake huisha kabla ya methadoni kuisha, kwa hiyo mgonjwa asitoroke wodini akijiona amepona. Mhudumu aambiwe ukweli wote kuhusu alichotumia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda siri ya mgonjwa.

Jukumu la nyumba na jirani

Maneno kama teja hayajamponya mtu. Anayeamka alfajiri kila siku kufuata kikombe cha dawa anafanya kazi ngumu, na kumsindikiza wiki ya kwanza kunamsaidia kuliko mahubiri. Mahali ambapo kliniki imemruhusu mgonjwa kubeba dozi nyumbani, chupa ifungiwe kabatini. Kiasi kidogo tu cha methadoni kinaweza kumuua mtoto.

Anayehitaji kuanza anaweza kufika katika kituo cha afya kilicho karibu, au kuzungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake, ili apewe rufaa. Simu ya bure ya NACADA, 1192, hupokea maswali kuhusu uraibu.

Maswali ya kujadili katika chama, baraza au nyumbani

1. Mgonjwa anasema siku ya tatu kwamba dawa haitoshi. Kwa kutumia hesabu iliyo juu, ataelezwaje?
2. Jirani ameanza dawa ya TB na usiku anapatwa na jasho na miayo. Nani aambiwe kwanza?
3. Ndugu anayetibiwa Nairobi anakuja kwa mazishi ya siku tano. Familia ipange nini kabla hajapanda gari?