Shingo ya Mtoto na Njia ya Kwenu
Kijitabu cha afya kwa jamaa za Migori na Homa Bay

Baada ya kujifungua, mama wa Ndhiwa au Nyatike ana safari nyingi za kliniki kabla mtoto hajatimiza mwaka: wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha mwezi wa 6, wa 7 na wa 9. Chanjo ya malaria, iliyozinduliwa nchini katika kaunti hii ya Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, imeongeza safari hizo, na ni safari zenye faida. Bado kuna sokoni, kanisani na kwa nyanya. Siku hizi wazazi wengi wanauliza kama wanunue kigari cha kusukuma. Kabla ya kuangalia kigari, angalia mambo mawili: shingo ya mtoto wako na njia inayotoka mlangoni kwenu.

Shingo kwanza

Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kuliko shingo yake inavyoweza kuhimili. Akiketishwa nusu wima, kichwa huinama mbele, kidevu hugusa kifua, na koo hujikunja kama mpira wa maji uliopindwa. Hewa haipiti. La kutisha ni kwamba halii. Ukimtazama unadhani amelala. Basi popote alipo, mbelekoni, kigarini au pajani, pitisha vidole viwili kati ya kidevu na kifua. Visipopita, mnyooshe hapo hapo.

Leso uliyonayo

Tusiidharau mbeleko kwa kuwa ni ya zamani. Kwa mtoto wa kijiji chenye vichochoro, mawe na vijito, leso nzuri ni salama kuliko kigari cha bei kubwa. Kabla shingo haijakaza, yaani takriban miezi minne ya kwanza, mbebe mbele, wima, uso wake ukiuona bila kufunua kitu, karibu kiasi cha kuweza kumbusu kipaji. Shingo ikikaza, mpandishe mgongoni. Magoti yawe juu kidogo kuliko makalio na miguu itanuke kama ya chura, kwa maana mkao huo husaidia nyonga kukua sawasawa. Nchini Malawi, ambako watoto hubebwa mgongoni kama kwetu, madaktari walipitia kumbukumbu za watoto zaidi ya 40,000 wasipate hata mmoja aliyefanyiwa upasuaji kwa ugonjwa wa nyonga kuteguka wa utotoni. Kinachodhuru nyonga ni kumfunga mtoto miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja.

Ukikaanga samaki au kuepua sufuria, mteremshe. Ukiinama kuchota maji, piga magoti badala ya kupinda kiuno, maana wengi huteleza kwa kichwa wakati huo.

Aliyezaliwa kabla ya wakati, au chini ya kilo 2.5, chombo chake ni kifua cha mzazi. Njia hii, inayoitwa ya kangaruu, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, pale mashine za kuwapasha watoto joto zilipokuwa hazitoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto akae ngozi kwa ngozi saa 8 hadi 24 kwa siku. Hospitali za Migori zilikuwa ndani ya utafiti mkubwa wa Kenya na Uganda uliotangazwa mwaka 2020, ambapo njia hii iliwekwa pamoja na mafunzo ya wauguzi na huduma bora wakati wa uzazi, na vifo vya watoto hao vikapungua kwa takriban theluthi moja. Baba naye ana kifua. Mama akichoka, vua shati umpokee.

Ukiamua kununua kigari

Kigari kinafaa kama unaishi karibu na lami, mathalani mjini Migori, Awendo, Rongo au Homa Bay, na kama una pahali pakavu pa kukihifadhi. Udongo mweusi wa Kendu Bay na Ndhiwa ukinyeshewa hunata kwenye magurudumu madogo mpaka yagome kuzunguka, nawe utaishia kumbeba mtoto huku na kigari huku. Magurudumu makubwa ya mpira hustahimili barabara ya changarawe. Yale madogo ya plastiki ni ya sakafu ya saruji tu.

Vingi vinavyouzwa hapa ni vya mitumba. Si vibaya, ila nenda na pakiti nne za unga wa kilo mbili. Huo ni uzito wa mtoto wa miezi minane au tisa hivi. Zifunge ndani, sukuma, kisha funga breki kwenye mteremko uachie mikono. Kikisogea, kiache dukani. Vuta mishipi: iwe ya mabegani miwili, ya kiunoni miwili na mmoja wa kupita kati ya miguu, na kifungo kisifunguke kwa kuvutwa. Tingisha mahali kinapokunjwa. Kisipofunga kwa mlio wa kuaminika, siku moja kitajikunja mtoto akiwa ndani.

Chunguza sana bawaba za pembeni. Novemba 2009 vigari takriban milioni moja vya Maclaren viliitwa virekebishwe nchini Marekani, baada ya watoto 12 kukatwa ncha za vidole kwenye bawaba wakati vikikunjuliwa. Kampuni ilitoa vifuniko vya kuziba bawaba hizo. Vigari vya zamani huishi miaka mingi na kusafiri mbali, na hicho ulichoshika kinaweza kuwa hakikuwahi kupata kifuniko. Chochote ununuacho, kunjua na ukunje mtoto akiwa mikononi mwa mtu mwingine.

Chini ya miezi sita, chagua tu kinacholala bapa kabisa. Usiongeze mto. Usitundike kikapu cha soko kwenye mpini, maana ukiachia kidogo kitapinduka nyuma na mtoto wake. Na tafadhali, usikifunike kwa leso juani. Twafanya hivyo kwa huruma, lakini majaribio ya Chuo Kikuu cha Sydney yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa kitambaa kikavu kilichofunika kigari kiliongeza joto la ndani kwa zaidi ya nyuzi mbili. Tafuta kivuli cha mti, au subiri jua lishuke.

Pikipiki, gari na boti

Hakuna namna salama ya kumpakia mtoto mchanga kwenye bodaboda. Kofia ya kumtosha haipo. Ikibidi kwa sababu ya ugonjwa, sheria inaruhusu abiria mmoja tu, basi usikubali kupakiwa na mwingine. Panda kwa kutanua miguu wala usikae upande, ncha zote za leso zichomekwe mbali na mnyororo na gurudumu, na mtoto asibanwe uso kwenye mgongo wa dereva. Mwambie aende polepole. Ni haki yako.

Ndani ya Probox au matatu, kaa kiti cha nyuma. Usifunge mkanda mmoja ukawazunguka ninyi wawili, maana gari likisimama ghafla uzito wako wote humponda.

Kwa wanaovuka kwenda Mfangano au kutoka Mbita kwenda Luanda Kotieno: botini mfungue mgongoni umkumbatie mbele, leso ikiwa imelegea. Boti ikipinduka, mtoto aliyefungwa mgongoni huzama pamoja nawe na mikono yako haimfikii. Jaketi la kuokolea la mtu mzima halimfai, litamponyoka.

Ukifika nyumbani naye amesinzia kigarini au mgongoni, mtoe umlaze chali kwenye godoro gumu, chini ya chandarua, hata kama unaona huruma kumwamsha.